Mama Mkwe Ndani, Kitasa Mkononi

Kwa wewe uliyelifungua gazeti leo na hukunikuta wiki zilizopita: mimi ni kijana mwenye shahada ya mipango, na sijawahi kutimiza mpango wowote. Naishi kwa dada yangu. Mara ya mwisho tuliachana mezani, shemeji akiwa ameweka kijiko chini, ananitazama kama anavyowatazama wanafunzi wake waliogonga nguzo ya taa.

Shemeji ni mwalimu wa udereva. Ana subira ya kazini na subira ya nyumbani. Ile ya nyumbani ilikuwa imekwisha.

"Shemeji," aliniambia, "mtu akiwasha indiketa, anakata kona. Wewe umeiwasha tangu ulipohamia hapa, na kona hatujaiona. Kitasa cha bafuni utakibadilisha lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi natoka kazini mapema. Nikikuta kitasa kipya mlangoni, tutakula pamoja. Nikikuta kile cha zamani, utaniambia nikupeleke wapi na begi lako. Nitakuendesha mwenyewe, usijali nauli."

Nikamtazama dada. Dada alikuwa anachambua mboga. Dada yangu akinyamaza wakati mumewe anasema, ujue walishaongea chumbani.

Basi Jumamosi ikafika.

Nisingependa mnidhanie mvivu. Kitasa nilikuwa nimeshakinunua. Kilikaa juu ya kabati ndani ya boksi lake, na kila nilipopita nilikitazama kwa mapenzi. Bisibisi niliazima kwa jirani. Tena tatizo langu nimelisoma sana, huenda nimelisoma kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Nilisoma kwamba kazi inayokutisha uigawe vipande, uanze na kile kidogo kuliko vyote. Nikaigawa. Kipande kidogo kuliko vyote kilikuwa kuutazama mlango.

Nikautazama.

Nilisoma pia kwamba mtu akimaliza kipande ajipongeze. Nikaenda kupika chai.

Asubuhi hiyo dada alisimama mlangoni na sare yake ya uuguzi, mkoba begani.

"Mdogo wangu, safari hii sitakutetea. Nimekutetea mpaka maneno yameniishia."

"Leo namaliza, dada."

"Usiniambie mimi, kiambie kitasa. Na mama umwache apumzike."

Mama aliyemsema ni mama mkwe wake, mama mzazi wa shemeji. Alikuja baada ya kuvunjika mkono, akatibiwa hospitali anakofanya kazi dada, mkono ukapona, na hakuondoka. Shemeji alifurahi sana. Tangu baba yake afariki, hofu yake kubwa ilikuwa mama kukaa peke yake. Akaanza kuchora chumba cha kumjengea uani. Kila jioni alikuwa anafuta ukuta na kuuchora upya, sentimita kushoto, sentimita kulia, uso umekunjuka kama wa mtoto aliyepewa baiskeli.

Sasa hapa lazima nieleze bafu la nyumba ile, maana bila hilo hamtanielewa.

Kitasa cha zamani kilikuwa na maradhi yake. Mlango ukiufunga mpaka ukalia "tak", haufunguki tena, si kwa ndani si kwa nje. Siku ulipomfanyia hivyo dada, shemeji hakungoja bisibisi, alivunja kioo cha dirisha kumtoa. Tangu hapo hatukuufunga. Tuliuacha wazi kidogo, na aliyeko ndani alitoa sauti ili wengine wajue pana mtu. Shemeji alikohoa. Dada aliimba. Mimi nilitaja hatua za usimamizi wa mradi, kwa sauti, kuanzia ya kwanza.

Katika nyumba ile hatukugonga mlango. Tulitega sikio.

Mgeni alipofika, dada aliona aibu kumwambia kwamba ana mdogo wake msomi ambaye ameshindwa na kitasa. Akamwambia tu, "Mama, humu tukiingia tunaimba. Na mlango unaacha wazi kidogo, joto."

Mama Mkwe akachukulia kwamba ndiyo adabu ya nyumba. Akawa anaimba. Ana sauti nzuri.

Kwa hiyo Jumamosi ile alasiri, nilipokuwa jikoni nafuta bisibisi kwa kitambaa, nikasikia anaimba bafuni, sikushtuka. Wimbo wenyewe sikuwahi kuusikia. Maneno yake yalikuwa machache: "Jamani! Jamani! Kuna mtu?"

Nikaona si vizuri mtu mzima aimbe peke yake. Nikamwitikia kutoka jikoni, kwa sauti ya chini, kama kibwagizo: "Tupooo."

"Kuna mtuuu?"

"Tupooo."

Halafu akaongeza ngoma. Nikapenda alivyokuwa na nguvu kwa umri wake. Nikaipiga meza kwa vidole.

Ngoma ikakatika ghafla.

"Wewe kijana! Wewe ni kiziwi au umerukwa na akili? Nimekwama huku!"

Mioyo ya watu wengine huanguka. Wangu ulikwenda kujificha. Nilifika kwenye mlango wa bafu na boksi la kitasa kipya mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili, sijui hata nilipitia wapi.

"Mama! Umeufunga mlango?"

"Mlango si unafungwa?"

"Umelia 'tak'?"

"Umelia. Kwani mlango wenu ukilia kuna msiba?"

"Usiogope, mama. Natoa kitasa sasa hivi. Skrubu ziko upande wangu."

Nilipiga goti. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, ikakaa sawasawa. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri. Niliona kumbe inawezekana. Niliona maisha yangu yote yakinyooka kuanzia skrubu ile.

"Ngoja," akasema Mama Mkwe.

"Mama?"

"Ngoja kidogo. Usifungue bado."

Haya ni maneno niliyokuwa najiambia mwenyewe tangu nipate akili. Sikuwahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Nayo yalikuja siku pekee niliyokuwa na bisibisi mkononi.

"Mama, mwanao akirudi akikuta kitasa cha zamani, leo sijui nalala wapi."

"Najua. Nilikuwepo mezani. Lakini nikitoka humu kabla sijajua nitakavyomwambia, basi sitamwambia tena. Nitakwenda kupika, nitasahau kwa makusudi. Najijua."

"Umwambie nini, mama?"

"Naolewa."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Umesema nini?"

"Naolewa. Au huo mlango mnene?"

"Na nani?"

"Mpiga picha."

"Wa harusi?"

"Wa mifupa."

Nikaiweka bisibisi sakafuni.

"Yule wa eksirei pale hospitali," akasema. "Ni mgane, mkewe alifariki zamani. Siku ya kwanza alinipiga picha mkono ulipovunjika. Nikarudi, akasema picha haikutoka vizuri, turudie. Mara ya tatu nilipoitwa, nikajua mkono hauna tatizo."

"Na wewe ukaenda?"

"Nikavaa na hereni." Nilimsikia akicheka, peke yake, kule ndani. "Ameniona mpaka mifupa, mwanangu, na bado anataka. Nitafute nini tena?"

Mimi ni mtu mwenye moyo mwepesi, habari kama hizo zinanipata machoni.

"Hongera, mama."

"Hongera ngoja kwanza. Anakuja leo. Saa kumi, hapa hapa, kujitambulisha kwa mwanangu. Tulipatana hivyo zamani. Nilimwambia siku hiyo nitakuwa nimeshasema."

"Na umesema?"

"Kila jioni nakaa mezani, nasema leo ndiyo leo. Nafungua mdomo, namwambia anipitishie chumvi."

Sasa nikakumbuka. Kweli mama alikuwa mtu wa chumvi sana.

"Leo nikaingia humu nijaribu mbele ya kioo, nikaona niufunge mlango, nisije nikasikika. Nilifika mpaka 'mwanangu'. Nilipotaka kutoka nikapumzike, ndiyo nikakuta nimekwama."

"Unaogopa atakasirika?"

"Angekuwa wa kukasirika ningemwambia siku ileile. Yule halii kwa sauti. Analia kimya, tangu mdogo. Baba yake alipofariki alinishika mikono akaniambia, 'Mama, hutabaki peke yako.' Sasa sitabaki peke yangu, lakini sivyo alivyopanga yeye. Jana ameniuliza dirisha la chumba nataka litazame wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mashariki! Ningesema nini?"

Nikakaa chini, mgongo ukutani. Nilijua saa inakwenda. Nilijua pia kwamba naweza kuzitoa zile skrubu, nikamtoa huyu mama kwa nguvu na aibu yake, kitasa kikakaa, nikala chakula cha jioni. Sikuweza. Sijui kama ni huruma au ni ugonjwa wangu uleule umevaa nguo ya huruma. Viwili hivi kwangu vinafanana sana kwa mbali.

"Na wewe?" akauliza. "Kitasa kinakushinda nini? Skrubu ngapi hizo?"

"Chache."

"Sasa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo bila kupandisha sauti. Nikajikuta namjibu.

"Mama, kitu ambacho sijakianza ni kizuri. Hiki kitasa kwenye boksi ni kitasa bora katika mtaa huu. Nikikianza kitakuwa cha kwangu, na kitapinda, na watu watakitazama kila wakienda kuoga."

"Mimi na wewe tungezaliwa nyumba moja," akasema, "watu wangekufa njaa wakisubiri maji yachemke."

Tukacheka, kila mtu upande wake.

"Hivyo vitabu vyako vinasemaje? Dada yako anasema unavyo vingi."

"Vinasema uanze na kipande kidogo kuliko vyote."

"Kipande kidogo cha 'naolewa' ni kipi?"

Nikafikiri. "Ni 'mwanangu'."

"Hilo nalisema kila siku."

"Basi umeshaanza, mama."

Sikukusudia kusema jambo la maana, lakini nikasikia amevuta pumzi. Nikapata moyo. Nikamwambia tufanye mazoezi. Mimi niwe mwanawe, nikae hapa nje, yeye aseme akiwa kule. Asiponiona usoni haitamsumbua.

"Haya. Uwe yeye."

Nikakaza sauti. "Mama, mbona umesimama katikati ya barabara?"

"Siyo hivyo! Nyumbani hasemi hivyo."

"Kwangu anasema hivyo."

"Wewe ni shemeji yake. Haya, tena. Mwanangu..."

"Naam, mama."

"Mwanangu... hiyo chumvi..."

"Mama!"

"Imetoka yenyewe! Ngoja. Ngoja ninawe uso. Sasa usinijibu chochote mpaka nimalize. Ukinijibu nitapotea."

Bomba likafunguliwa. Maji yakalia kwa muda, na mimi nikajiweka vizuri ukutani, nikafumba macho, ili niwe mwanawe kwa dhati. Nataka mjue kwamba nilikuwa nimefumba macho.

"Mwanangu," akaanza, na safari hii sauti haikutetemeka. "Chumba usijenge. Si kwamba sikitaki. Kama mtu angeniuliza zamani kidogo ningekuja na godoro langu. Lakini kuna mtu. Ni mtu mzima, mpole, anawahi kila anapokwenda. Nikiwa naye nacheka mpaka nasahau nilichokuwa nataka kusema. Nataka kwenda kuishi kwake. Si kwamba hapa mmenitenda vibaya. Mmenitenda vizuri mpaka nimeshindwa kusema. Basi. Nimemaliza."

Nilifumbua macho nimsifu. Mkono ukatua begani mwangu.

Shemeji alikuwa amesimama juu yangu, ufunguo wa gari kidoleni; gari lenyewe alikuwa ameliacha kuoshwa barabarani, ndiyo maana sikulisikia. Akaweka kidole mdomoni. Akanitazama mimi, akatazama bisibisi sakafuni, akakitazama kitasa cha zamani, pale pale kilipokuwa tangu nihamie.

Nikajua begi nitalifunga leo. Nikaanza hata kufikiri nitaanzia na nguo zipi.

"Umenyamaza," akasema Mama Mkwe. "Vizuri, na yeye angenyamaza. Sasa niulize swali, lile gumu."

Shemeji ndiye aliyeuliza.

"Tangu lini?"

"Hee! Hapo umempata! Sauti yake kabisa, mpaka ule mkwaruzo wa mwisho. Kumbe una kipaji. Tangu ile picha ya tatu, mwanangu."

"Na baba?"

Maji ya bomba yaliendelea kulia.

"Baba yako yuko palepale," akasema taratibu. "Hajasogea. Sijamwondoa mahali. Lakini hawezi kuniuliza kama nimekula."

"Mimi si nakuuliza?"

"Unaniuliza, mwanangu. Unaniuliza huku unatazama saa."

Shemeji akainamisha kichwa.

"Hapo nimezidisha?" akasema Mama Mkwe. "Nikimwambia mwenyewe hapo nitapunguza."

"Usipunguze, mama."

Bomba likafungwa.

"Mwanangu?"

"Naam, mama."

"Wewe ni yupi?"

"Ni mimi wako."

Nilitamani kuondoka lakini nilikuwa nimekaa kati yake na mlango, na kusimama kungeleta kelele.

"Shemeji," akasema bila kunitazama. "Fungua."

Nikatoa skrubu ya kwanza. Ya pili. Zote. Kitasa cha zamani kikaja mkononi chepesi kama jino la mtoto lililolegea, mlango ukaachia. Kazi niliyoikimbia tangu nihamie pale ilikwisha kabla jasho halijanitoka. Ningekuwa na nafasi ya kusikitika ningesikitika hapo.

Mama Mkwe akatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, na hereni. Mama na mwana wakasimama wanatazamana kwenye kile kikorido chembamba, mimi nimebanwa ukutani na kitasa kibovu kifuani.

Shemeji akamshika mkono, ule uliovunjika, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Haujauma tangu lini?"

"Tangu picha ya pili."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba mwanafunzi kafaulu. Halafu akampita, akaingia bafuni, akausukuma mlango. Haukulia chochote, kwa kuwa haukuwa na kitu cha kulia. Palikuwa na tundu tu, duara, mahali kitasa kilipokuwa.

"Mwanangu, toka."

"Natoka."

"Unafanya nini humo?"

"Nafikiri, mama."

Kisha akakohoa. Kwa sheria za nyumba ile, maana yake ni kwamba pana mtu. Akakohoa tena, akakohoa tena, hata ambapo hapakuwa na haja ya kukohoa. Mama Mkwe akaniangalia, akatikisa kichwa, akaweka kiganja chake juu ya mlango, polepole, kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

Tundu likasema, "Shemeji."

"Naam."

"Kitasa kipya kiko wapi?"

"Hiki hapa."

"Kifunge. Sasa hivi, nikiwa humu humu. Sitaki kutazamwa, na sitaki kutoka mpaka nikae sawa. Ukikimaliza kabla sijatoka, yale ya begi tumeyafuta."

Jamani! Mnaelewa nilichopewa? Nilikuwa nimeshakufa, nikaambiwa niamke. Nikafungua boksi. Nikakiweka kitasa kwenye tundu, nikaona nimekigeuza juu chini. Nikakigeuza. Kikakaa. Hakikupinda. Kilikuwa kizuri mlangoni kuliko kilivyokuwa kabatini, na hilo nilikuwa sijawahi kulisoma popote. Nikaishika skrubu ya kwanza kwa vidole viwili.

"Hodi!"

Ni mlango wa mbele.

Mama Mkwe akajishika hereni. "Ni yeye. Saa kumi bado, lakini si nimesema anawahi?"

"Nenda ukamfungulie, mama," nikamwambia.

"Miguu imekataa. Nenda wewe, baba. Umwambie anisubiri hapo nje kidogo, mwanangu anafikiri."

"Hodi wenyewe!"

Skrubu ilikuwa tayari vidoleni. Ilikuwa ya kuzungusha tu. Lakini unaacha vipi mtu mzima, aliyepiga pasi shati lake, amesimama juani siku kama ile? Nikakitoa kitasa kwenye tundu kisianguke, nikakilaza sakafuni juu ya boksi lake.

"Shemeji, dakika moja tu. Naja kumalizia."

Alikohoa.

Kutoka bafuni hadi mlango wa mbele ni sebule tu, tena ndogo. Ukisimama mlangoni unauona mlango wa bafu, na wa bafuni anakuona wewe. Nikafungua.

Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, amenyoa vizuri. Mikono hakujua aiweke wapi, akawa anaibadilisha. Nikampenda palepale. Lakini hakuwa peke yake. Dada yangu alikuwa amemshika kiwiko, bado na sare ya kazini, anacheka, anamsukuma ndani kabla hata sijasema karibu.

"Ingia, baba, ingia, usiogope! Mume wangu huyo hana neno, nitamweleza mimi." Akaniona. "Mdogo wangu! Mama ameshamwambia? Na mwenzangu bado hajarudi, sivyo? Gari lake sijaliona."

Nikafungua mdomo.

"Afadhali," akasema dada, kwa sauti yake ya wodini, ile inayosikika mpaka kitanda cha mwisho. "Maana siku atakayojua kwamba zile picha mbili za mwisho niliziandikia fomu mimi, ili hawa wawili waonane, siku hiyo tutahama wote. Mimi na wewe na begi lako."

Mzee akacheka. Dada akacheka.

Kikohozi kikakoma.

Nikageuka taratibu. Mama Mkwe alikuwa amejibanza ukutani, kiganja mdomoni. Kitasa kipya kilikuwa kimelala sakafuni, kinang'aa, juu ya boksi lake. Na kwenye tundu la mlango, mahali ambapo kitasa chenye skrubu moja tu kingetosha kuziba, palikuwa na jicho.